Bunduki Iliyopakwa Rangi ya Jiko

Jumatatu, 6 Juni 1966

Uji, dawa, kitambaa, mafuta. Kama kila asubuhi. Nimeifuta bunduki kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitakoni, na kitambaa kimetoka chekundu kana kwamba nimefuta kidonda. Jana nilifuta vivyo hivyo. Kutu ya huku Lurambi haipumziki. Mvua kila alasiri, ukungu kila asubuhi, na mikono yangu inatetemeka hadi kijiko kinagonga meno.

Nina hasira na yule afisa wa leseni. Kijana, viatu vinang'aa. Wiki iliyopita aliiangalia bunduki yangu kama mtu aliyeletewa panya mezani. "Mzee, hiki ni chuma chakavu. Siwezi kumhamishia mtu chuma chakavu. Kitengeneze kwanza, halafu uje na huyo mkweo." Wakati wa ukoloni Mzungu aliniuliza kama mwalimu mweusi anajua risasi hutokea upande upi. Nikavumilia, nikidhani siku zetu zinakuja. Zimekuja. Naulizwa na mtoto ambaye ningeweza kumfundisha kusoma kama najua kufuta kutu.

Lakini muda ni wake, si wangu. Miguu imevimba hadi magotini. Daktari siku hizi anazungumza akiangalia dirisha. Mahindi haya yanayotoa ndevu sitayala yakiwa makavu, najua. Kabla ya hapo nataka bunduki iwe ya Rispa, kwa sheria, kwa jina lake.

Rispa ni mjane wa Festo, mwanangu wa kwanza. Ndiye anayelima shamba la kando ya mto na ndiye anayepigana na nyani. Nilimfundisha kulenga mwenyewe, nikisimama kando yake na leseni mfukoni. Bila bunduki nyani watamaliza mahindi. Mahindi yakiisha, ndugu zangu watasema mwanamke ameshindwa na shamba, arudi kwao. Wameanza kusema. Kwa sauti ya chini, lakini mimi ni mgonjwa wa moyo, si wa masikio.

Jumanne, 7 Juni

Nimepata njia. Jiko la shule yangu, lile kubwa la chuma, lilipakwa rangi nyeusi inayovumilia moto. Paa lilivuja juu yake miaka na miaka. Halikupata kutu. Kwa nini bunduki isivae rangi ile ile?

Rispa ameleta kopo kutoka duka la Mhindi mjini, na tapentaini, na msasa. Bomba tunalo, lile la kupulizia dawa ya mbu. Ameliosha kwa sabuni hadi harufu imekwisha. Nimesoma maandishi ya kwenye kopo kwa kioo cha kukuzia. Chuma kiwe kikavu, kisiwe na mafuta. Pulizia rangi nyembamba, mara kadhaa, ikauke kila mara. Mwisho choma kwenye joto ili igande. Si kazi ya ajabu. Ni kazi ya uvumilivu.

Aliweka kila kitu juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo nikachukua. Ndivyo tunavyoishi, mkwe na mkwe. Hanipi kitu mkononi, mimi simpi mkononi. Haingii chumbani mwangu. Watu wa mjini wanacheka desturi hii. Mimi naiona ni adabu, na kati yetu haijawahi kuvunjwa hata siku aliyokufa Festo.

Sila amepita jioni na baiskeli yake, akitoka kazini. Ni mwanangu mdogo, karani, anakaa mjini, mtaa wa Amalemba. Alisimama kizingitini akacheka hadi akashika mlango.

"Baba! Unapika bunduki?"

Nikamwambia naizuia kutu.

"Ya nani? Ya Rispa?" Akashusha sauti, kana kwamba Rispa hakuwa pale pale akichambua mboga. "Mimi ndiye mwanamume aliyebaki katika nyumba hii. Nitawaambia nini watu? Shemeji yangu ana bunduki, mimi nina kalamu?"

Rispa hakuinua kichwa. "Shemeji, njoo basi na kalamu yako ulale shambani. Labda nyani wanaogopa wino."

Nilicheka hadi nikakohoa. Sila hakucheka. Ameondoka bila kuonja obusuma, ugali aliowekewa. Hajawahi kushika jembe tangu apate meza ofisini, na bado anaona bunduki ni haki yake kwa sababu anavaa suruali. Imenikera. Bado inanikera ninapoandika.

Alhamisi, 9 Juni

Kazi imeanza. Tumeifungua bunduki: mtutu peke yake, kitako peke yake, mtambo wa kufyatulia peke yake. Kitako ni cha mbao, hatukipaki. Rispa ameosha chuma kwa petroli, akakisugua kwa msasa hadi kikawa cheupe, akakiosha tena. Nilimkataza kukigusa kwa vidole vitupu baada ya hapo, maana jasho ni mafuta. Akavaa soksi za marehemu Festo mikononi. Alionekana kichekesho. Amejua, akanipungia.

Kila tundu lazima lizibwe. Rangi ikiingia ndani ya mtutu, bunduki imekwisha. Rispa aliziba kwa matambara, nyuma na mbele. Alipokwenda mtoni kuchota maji niliyajaribu. La nyuma lilikuwa limekaza. La mbele lilikuwa legelege, likazunguka kidoleni. Nikalitoa. Nikachukua gunzi la mahindi kutoka rundo la kuni, nikalichonga ncha kwa kisu, nikalisukuma kwenye mdomo wa mtutu na kuligonga kwa jiwe hadi likakaa. Mama yangu aliziba vibuyu vya maziwa kwa magunzi maisha yake yote na sikumbuki tone lililopotea.

Rispa aliporudi aliliona. "Baba, umebadilisha?"

Nikasema ndiyo, tambara lako lilikuwa bovu. Akatua maji, akaokota tambara. Anajua kunyamaza.

Tulitundika mtutu kwa waya kati ya nguzo za ghala, kwenye jua. Rangi tuliichanganya na tapentaini, tukaichuja kwa kitambaa cha shela. Yeye alipuliza, mimi nikiamuru kutoka kitini kama mwalimu wa kwaya. Pita, usisimame. Anza nje ya chuma, malizia nje ya chuma. Nyembamba! Nyembamba! Safu ya kwanza ilikuwa kama moshi tu. Safi kabisa.

Mvua ilianza kabla ya safu ya pili kukauka.

Ijumaa, 10 Juni

Imetiririka. Unyevu umeingia na rangi imeshuka kwa machozi marefu upande wa chini. Nililaani mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo sijafanya tangu tujuane. Baadaye niliomba radhi kwa kigoda, maana kumwomba yeye usoni ningeona aibu.

Ameisugua tena. Bila kulalamika. Tumepulizia asubuhi mapema, jua likiwa kali, safu tatu nyembamba. Zimekaa vizuri.

Ndugu yangu Yohana alipita. Akatazama, akasema, "Kaka, mambo haya ya kupakapaka ni ya wanawake na makaburi." Halafu akauliza kama nimeamua shamba la mto litakuwa la nani. Nilimjibu kwamba lina mtu tayari, yule pale mwenye soksi mikononi. Akaondoka akitabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu bila sababu.

Jumamosi, 11 Juni

Leo tumeichoma. Jirani yetu Bi Mwanaidi, mzaliwa wa Ekero, huoka mikate ya kuuza katika tanuri lake la udongo. Mikate ikitoka, joto linabaki. Nilibebwa hadi kwake kwenye kiti, na Rispa akifuata na mtutu ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Leo umeniletea mkate wa chuma?"

"Waaleikum salaam, Mama. Usiuchome sana, nina wageni."

"Mkate huu ukiliwa, meno yote yatabaki hapa kwangu."

Mtutu hauwezi kuingia motoni na vizibo. Rispa alitoa tambara la nyuma. Gunzi la mbele nililivuta mwenyewe kwa koleo. Lilikuwa limevimba kwa unyevu. Likakatika. Nusu ikatoka, na pete ya rangi nyeusi mahali lilipokuwa limejitokeza nje. Iliyobaki niliichokoa kwa waya, nikachokoa, vikatoka vipande na unga. Nilitazama ndani. Niliona giza na mwanga wa maji maji, kama ninavyoona kila kitu siku hizi. Nikasema limekwisha.

Niliitupa ile nusu kwenye kuni za Bi Mwanaidi. Akaiondoa haraka. "Gunzi lako la rangi sitalichoma, Mwalimu. Mikate ya kesho itanuka duka la rangi."

Hapo Rispa akasema, polepole, "Baba, nichungulie?"

Mbele ya jirani. Nikamwambia kwamba nilikuwa nikichungulia mitutu kabla mama yake hajaolewa. Nikaushikilia mtutu magotini. Asingeweza kuuchukua kutoka mkononi mwangu, na anajua kwamba najua. Akaangalia chini. Nilimpa Bi Mwanaidi auingize tanurini.

Kiburi cha vijana kinachosha. Unawafundisha kila kitu, halafu wanataka kukukagua.

Jumatatu, 13 Juni

Imetoka nzuri! Nyeusi isiyong'aa, laini kama ganda la mbegu. Rispa aliimwagia maji, na maji yakakimbia kwa matone bila kushika. Tumeiunga. Tuliiacha nje kwenye umande makusudi, na asubuhi hakuna alama nyekundu hata moja. Nimekaa nayo mapajani nusu ya siku. Naona haya kuandika hili, lakini nilijisikia mzima.

Tutakwenda kwa afisa Alhamisi. Nimeagiza gari la jirani. Nataka kuviona viatu vile vinavyong'aa vikisimama mbele ya kazi yetu.

Jumatano, 15 Juni

Bunduki haipo.

Nililala baada ya chakula. Rispa alikuwa shambani. Nilipoamka ukuta ulikuwa mtupu, na mkoba wa risasi haupo. Mke wa Yohana alimwona Sila akipita na kitu kirefu kimefungwa gunia kwenye baiskeli, pamoja na marafiki wawili wa ofisini. Wamekwenda kuwinda kanga huko chini mtoni.

Mwizi. Nalitamka neno hilo juu ya mtoto wangu na silirudishi. Ameingia chumbani mwa baba yake mgonjwa, akavuka miguu ya baba yake aliyelala. Kwa sababu kesho ingekuwa ya Rispa. Akitaka kuonekana na bunduki siku moja tu kabla haijaandikwa jina la mwanamke!

Acha arudi. Nitamwambia mbele ya marafiki zake.

Alhamisi, 16 Juni

Mtutu umepasuka.

Alipiga mara moja. Umepasuka katikati, pale mkono wa kushoto unaposhika. Amepoteza vidole viwili na sehemu ya kiganja. Yuko hospitali. Polisi wamechukua vipande. Afisa wa leseni, yule wa viatu vinavyong'aa, alikuja hapa mwenyewe. Leo hakuwa na dharau. Aliuliza nani aliitengeneza. Nilisema, mimi na mkwe wangu. Aliuliza kama tulichungulia ndani.

Nilisema ndiyo.

Jumapili, 19 Juni

Sijaandika kwa sababu sikutaka kuona maandishi yangu.

Juzi ukoo ulikaa hapa uani. Yohana alisimama katikati kama hakimu. Alikuwa ametoka polisi, ambako walimwazima ushahidi mmoja auonyeshe ukoo. Alifungua leso, na ndani yake kulikuwa na kipande cha kitu kilichoungua, kidogo kama kokwa. Akakipitisha watu wakione. Kilipofika kwangu sikuhitaji kioo. Nilikitambua kwa kidole. Vile vishimo vidogo mahali punje zilipong'olewa.

"Gunzi," alisema Yohana. "Ndani ya mtutu. Nani aliyepaka? Nani aliyeziba? Nani anayetaka shamba na bunduki, na nani alikuwa akimzuia?" Akamgeukia Rispa. "Ulitaka kumwua shemeji yako."

Mtu akasema hata Festo labda hakufa bure. Mtu mwingine akaguna kukubali. Nilitaka kuinuka nimpige kwa fimbo. Festo alikufa kwa homa mikononi mwangu na kila mmoja wao anajua.

Rispa aliulizwa ajibu. Alisema, "Mimi niliziba kwa matambara." Basi. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia kigoda.

Nilipaswa kusema hapo. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilichosema ni kwamba nimechoka, tuahirishe. Wakaahirisha hadi kesho Jumatatu, kwa heshima yangu. Heshima!

Hoja zangu za siku mbili hizi, niziandike ili nizione zilivyo. Kwamba Sila aliiba. Kweli. Kwamba mtu yeyote aliyefundishwa huchungulia mtutu kabla ya kuweka risasi, na nilimfundisha hivyo akiwa bado ana meno ya utoto. Kweli. Kwamba nikifa wiki hii, haidhuru nani alaumiwe. Huo ni uongo. Anayebaki ndiye anayelaumiwa, na anayebaki ni Rispa.

Asubuhi ameniletea uji. Ameuweka kigodani, akarudi nyuma. Ulikuwa na maziwa. Anajua ni mimi. Amejua tangu Yohana alipofungua leso. Mwanamke hawezi kusimama kati ya wanaume wa ukoo akamwonyesha kidole baba mkwe wake, basi amebeba lawama yangu. Na mimi nikanywa uji.

Sikwenda kanisani. Kutoka dirishani nimemwona akikunja nguo zake, akizipanga ndani ya sanduku la Festo.

Nina hasira na Sila, na Yohana, na mvua, na macho yangu. Zaidi ya wote nina hasira na yule mzee pale kwa Bi Mwanaidi, ameshikilia chuma magotini, akimzomea mtu aliyeuliza swali ambalo lingeokoa mkono wa mwanawe.

Jumatatu, 20 Juni

Nimesema.

Nilibebwa hadi uani. Sila alikuwepo, ameruhusiwa kutoka, mkono wote umefungwa bendeji. Sikutangulia na salamu ndefu. Nilisema: gunzi ni langu. Nililichonga, nikaligonga, likakatika, nikasema limekwisha na halikuwa limekwisha. Rispa aliomba kuchungulia nikamkataza. Polisi waliniuliza nikawadanganya. Ijumaa mlimshtaki mbele yangu nikanyamaza.

Yohana akatikisa kichwa kwa huruma. Kwa huruma! "Kaka anaumwa. Anampenda mkwe wake, anataka kumkinga. Tusimlaumu."

Na wakakubali! Wakanong'ona kuwa akili ya Mwalimu imeanza kuondoka. Nilifundisha nusu ya wale watu kusoma. Maisha yangu yote nikisema jambo katika uwanja huu liliaminika, hata nilipokosea. Leo nasema kweli, naambiwa nikalale. Nilipiga fimbo chini hadi ikanitoka mkononi. Hakuna aliyeiokota. Nilihisi nitakufa pale pale, na uongo ukibaki umesimama.

Bi Mwanaidi alikuwa nyuma, pamoja na wanawake. Si wa ukoo wetu, hakuitwa kusema. Akapita katikati ya wanaume akiomba samahani kushoto na kulia, akasimama mbele ya Yohana.

"Baba Yohana, mimi sijui mambo ya mashamba yenu. Mimi najua kuni zangu."

Alifungua pindo la kanga. Ile nusu ya gunzi. Na pete yake nyeusi ya rangi, na upande mmoja umekatika wima.

"Hili alilivuta Mwalimu kwa mkono wake, mbele yangu. Nililiweka pembeni kwa sababu ya harufu. Na huyu mama aliuliza, 'Baba, nichungulie?' Akafokewa. Mimi nilisikia. Nilidhani ni mambo ya nyumba yao, nikaendelea na mikate yangu. Nimekosa kunyamaza. Mungu anisamehe."

Yohana alilichukua, akalinganisha na kile kipande kilichoungua. Alichelewa sana kukirudisha ndani ya leso.

Sila ndiye aliyeinuka. Nilingoja matusi, na nilistahili. Alimtazama Rispa kwanza, halafu mimi.

"Uliombwa mtutu uchunguliwe, ukakataa, Baba."

"Ndiyo."

"Ulinifundisha kuchungulia kabla sijajua kuandika."

"Ndiyo."

"Nami sikuchungulia." Akakaa. "Niliogopa ungeamka."

Nilimwomba Rispa msamaha, usoni, mbele ya wote, kwa jina lake. Alikwenda kuokota fimbo yangu, akaiegemeza kwenye kigoda.

Kabla hawajatawanyika nimetangaza shamba la mto ni la Rispa, lisihojiwe nikiwa hai wala nikiwa nimekufa. Yohana aliinamisha kichwa. Safari hii hakutabasamu.

Jumatano, 22 Juni

Nimekwenda polisi, nimebadilisha maelezo yangu. Afisa yule yule wa leseni aliandika bila kuinua macho. Leseni imefutwa. Bunduki haitarudi, na Rispa hatapewa nyingine sasa. Kesi ya Sila kuichukua bado iko kwao. Nilimwambia afisa kwamba rangi ilikuwa nzuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alisema, "Ndiyo, Mzee. Rangi haikuwa na kosa."

Nimekasirika njia nzima ya kurudi. Kwa sababu alisema vizuri.

Alhamisi, 30 Juni

Mvua imekatika mapema. Rispa yuko shambani na debe na kipande cha chuma. Anapiga. Nyani wanarudi nyuma hadi ng'ambo ya mto, wanakaa, wanamsubiri achoke. Wamekula mistari ya pembeni. Ya katikati ipo. Vijana wawili wa Yohana wametumwa kumsaidia kesho, hakuwaomba.

Sila hajaja tena. Amemtuma mkewe na ingokho, kuku aliyepikwa vizuri, na swali kama nalala. Nina hasira naye bado. Naye ana haki ya kuwa nayo juu yangu, zaidi.

Pumzi fupi. Kalamu nzito. Sanduku la Festo limerudi juu ya kabati, nimeambiwa, nguo zimetolewa.

Jioni Rispa alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, kimeoshwa, tayari kwa maziwa mapya, na gunzi jipya la kuzibia. Alisimama mlangoni. Kabla ya kumimina maziwa alikiinua kibuyu kuelekea mwanga wa dirisha, akafunga jicho moja, akachungulia hadi chini. Halafu alipita kigoda bila kukitazama, akaingia ndani, akaniwekea kibuyu mkononi. Vidole vyake vilikuwa na baridi ya maji.

Nikakiinua. Nikachungulia. Nilichoona ni giza na mwanga wa maji maji.

"Sioni, mama," nilimwambia. "Wewe umeonaje?"

"Ni safi, Baba."

Nikamrudishia, mkononi.